Azimio na 'Declaration': Maneno ya Taifa katika Daftari la Mtoto wa Busi

Daftari la msamiati la mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania hulijua kila aliyepitia shule hizo: ukurasa umegawanywa kwa mstari wa rula, kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. 'Independence', uhuru. 'Exploitation', unyonyaji. 'Self-reliance', kujitegemea. 'Declaration', azimio. Maneno ya namna hii hutoka katika masomo ya historia na uraia, maana huko ndiko mtoto wa kidato cha kwanza anakokutana na Kiingereza kizito kwa mara ya kwanza. Huyahifadhi, akayarudisha siku ya mtihani, akapata alama au akazikosa. Lisilosemwa aghalabu ni kwamba baadhi ya maneno hayo yalisafiri kinyume cha mpangilio wa daftari. Yalizaliwa upande wa kulia, yakavuka mstari kwenda kushoto, na sasa mtoto anafundishwa kuyapokea kama wageni waliotoka ng'ambo.

Busi ni kata ya wilaya ya Kondoa, kaskazini ya mkoa wa Dodoma, katika nchi ya Warangi. Mtoto wa huko hukua na Kirangi nyumbani. Kwa kuwa Uislamu umekita mizizi katika Kondoa, wengi hupitia chuoni na kukutana na herufi za Kiarabu wangali wadogo. Kiswahili humkamata darasani, na akiingia sekondari, Kiingereza humngoja mlangoni. Kirangi chenyewe si lugha ya kupuuzwa: wanaisimu wanaitaja kwa kuwa katika wakati ujao kitenzi kikuu hutangulia na kitenzi kisaidizi kikafuata, mpangilio ambao ni nadra miongoni mwa lugha za Kibantu za Afrika Mashariki. Majirani zake ni Waalagwa na Waburunge, wasemao lugha za Kikushi, na Wasandawe wenye sauti za kudoya ulimi. Mtoto aliyelelewa katika mazingira hayo anajua, hata kama hajui kulisema, kwamba jambo moja laweza kupangwa kwa njia mbili na zote zikawa sahihi. Ni ujuzi mkubwa, na daftari lenye mstari wa rula haliutumii kamwe.

Hapo ndipo penye swali la uhakiki huu: je, yafaa kufundisha Kiingereza kwa maandiko yaliyoliasisi taifa? Wapo wanaosema haifai, kwamba maandiko hayo ni makavu, yamejaa siasa iliyokwisha zama zake, na kwamba mtoto hujifunza vyema kwa hadithi za sungura na safari za sokoni. Hoja hiyo ina ukweli wake kwa darasa la tatu. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano haisimami. Kijana huyo hujifunza neno vizuri zaidi pale ambapo jambo lenyewe analijua tayari na lina uzito kwake, na hakuna matini ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wa Kitanzania ameikaribia kwa maana kuliko Azimio la Arusha. Kosa la shule halikuwa kulichagua Azimio. Lilikuwa kulifundisha kama kwamba asili yake ni Kiingereza.

Mambo yalivyokuwa ni haya. Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio huko Arusha tarehe 29 Januari 1967, na likatangazwa tarehe 5 Februari. Lilijadiliwa kwa Kiswahili na kutolewa kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata, na haikutulia mara moja: mwaka 1968, Azimio lilipochapishwa katika kitabu cha Julius Nyerere kiitwacho Freedom and Socialism, wasomaji waliarifiwa kwamba tafsiri ile imerekebishwa ili kuondoa utata uliokuwamo katika tafsiri ya awali. Jambo hilo dogo la kitabuni lina thamani kuliko kurasa nyingi za vitabu vya kiada. Maana yake ni kwamba palikuwa na wakati ambapo Kiingereza ndicho kilichokuwa mwanafunzi, kikasahihishwa, kikarudia zoezi.

Tazama neno azimio. Lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya nia thabiti, na kuazimia kwa Kiswahili ni kukata shauri moyoni na kujifunga nalo. 'Declaration' ina asili ya Kilatini yenye maana ya kuweka bayana, kutia mwanga. Mwenye kutoa 'declaration' anawasemea wengine wasikie. Mwenye kuazimia anajifunga mwenyewe, hata kama hakuna asikiaye. Kwa Kiswahili, basi, chama kilijitia kitanzi hadharani. Kwa Kiingereza, kilitoa tangazo. Tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao. Ndani ya Azimio mlikuwa na masharti ya viongozi: wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na hisa katika makampuni, wasipangishe nyumba. Masharti ya namna hiyo hayana maana katika tangazo. Yana maana katika kiapo. Na hapana budi kukumbuka kwamba masharti hayo yalilegezwa mwezi Februari 1991 katika kikao cha CCM kilichofanyika Unguja, na uamuzi huo nao ukaitwa Azimio, Azimio la Zanzibar. Waandishi wa Kiingereza huliita mara 'Declaration', mara 'Resolution'. Kiswahili kilibaki na neno moja kwa kufunga na kwa kufungua, na hapo ni Kiswahili kinachostahili kuulizwa.

Ujamaa una kisa kirefu zaidi. Nyerere alipoandika kijitabu chake cha Aprili 1962 aliandika kwa Kiingereza, lakini neno la kwanza la jina la kijitabu lilikuwa Ujamaa, na Kiingereza kikaja baada yake kama mfasiri. Alijua alichokifanya. 'Socialism' yatokana na neno la Kilatini la mwenzi, mtu mliyeshirikiana naye safari au biashara. Jamaa ni mtu wa nyumbani, ambaye hukumchagua na huwezi kumfukuza. Miaka mitano baadaye, katika Azimio, Kiingereza kilirejea 'Socialism', na mwanafunzi wa leo anaandika ujamaa upande wa kulia kana kwamba ni fasili ya neno hilo. Undugu umeyeyuka njiani. Kujitegemea nako kumepungukiwa. Kwa Kiswahili ni kitenzi. Ndani yake kuna kile kiambishi -ji- kinachomrudishia mtendaji kitendo chake, hata asikiaye anauliza: nani anajitegemea? 'Self-reliance' ni jina lililokaa kimya kama jiwe. Laweza kuwa la mtu, la kijiji, au la hesabu za benki. Mwalimu angeweza kutumia kipindi kizima kwa neno hili moja, na mwanafunzi wa Busi angetoka akiwa amejifunza sarufi ya lugha mbili na siasa ya nchi yake kwa pamoja. Badala yake hupewa nusu mstari.

Unyonyaji ndio unaotia huzuni zaidi. 'Exploitation' ni neno la ofisini, halina mwili. Kunyonya ni kitendo cha mdomo. Mtoto mchanga hunyonya, na ni haki yake. Kupe hunyonya, na anastahili kung'olewa. Msikilizaji wa Kiswahili wa mwaka 1967 alisikia yote mawili kwa mpigo, na ndiyo sababu neno lile lilichoma. Mwanafunzi anayelijua 'exploitation' pekee ataweza kujibu swali la mtihani kuhusu uchumi wa kikoloni, lakini hatajua kwa nini wazee wake walicheka au walikasirika waliposikia hotuba.

Si maneno yote yaliyotendewa haki na Kiswahili chenyewe, na mhakiki mkweli hawezi kulificha hilo. Kabaila, kwa Kiswahili cha zamani cha pwani na visiwani, alikuwa mtu wa heshima, mwenye nasaba na hadhi. Siasa ya baada ya uhuru ilimgeuza kuwa mwenye kumiliki ardhi na kuwanyonya wakulima, na ukabaila ukawa jina la mfumo mzima ambao Kiingereza huuita 'feudalism'. Bepari alitoka Gujarati, alikuwa mfanyabiashara tu. Mwaka 1969 Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, aliiita Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema wafanyabiashara. Neno tajiri nalo lilikuwapo, lenye asili ya Kiarabu na maana ileile ya mchuuzi, ingawa limekwisha kuhamia kwa mwenye mali. Alichagua neno ambalo Azimio lilikuwa limelitia sumu miaka miwili kabla, tena akalitia katika wingi, hali Shakespeare ametaja mmoja. Chaguo hilo ni uhakiki wa tamthilia uliomo katika jina lake, na ni fundisho la Kiingereza pia: mwanafunzi anayelinganisha majina hayo mawili atafahamu kwamba 'merchant' halina lawama na kwamba lawama imeletwa na mfasiri.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba Kiswahili cha Azimio hakikuwa lugha ya nyumbani kwa watu wa Busi wala kwa jirani zao Wagogo. Ubepari, ukabaila na unyonyaji yalikuwa maneno mapya katika nyanda za kati kama vile Kiingereza kilivyo kipya kwa wajukuu wao. Hapo ndipo ushairi unapoingia, na mashairi hayakuja kutoka pwani pekee. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika mkoa huu huu wa Dodoma, Mgogo wa Ihumwa, na ndiye aliyeipa ngonjera nafasi yake katika siasa na shule. Vitabu vyake viwili, Ngonjera za UKUTA, vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Katika ngonjera wapo wawili: mmoja hajui au hakubali, mwingine anaeleza, wakabishana ubeti kwa ubeti hadi wakaafikiana. Watoto walisimama mstarini mbele ya wazee na kutamka maneno magumu ya siasa kwa mizani na vina. Mshairi wa kisiwani aliyezoea utenzi na nyimbo za gungu ataona upungufu mwingi katika ngonjera nyingi za wakati huo: asiyejua hushindwa upesi mno, na mwenye kujua hana shaka hata moja. Ni kweli. Hata katika diwani ya Mashairi ya Azimio la Arusha, iliyohaririwa na Grant Kamenju na Farouk Topan na kuchapishwa mwaka 1971, sifa ni nyingi kuliko maswali. Lakini kama njia ya kufundisha msamiati mgeni kwa watu wazima na watoto, ngonjera ilifaulu kuliko daftari la mstari wa rula, kwa sababu neno jipya halikuachwa peke yake. Liliulizwa, likajibiwa, likatiwa kinyume chake, na vina vikalishika lisipotee.

Jambo hili la kujifunza lugha kwa maandiko ya taifa halikuanzia Tanzania. Marekani imelifanya kwa wageni wake kwa muda mrefu. Mwenye kuomba uraia huko hufanyiwa mtihani wa Kiingereza pamoja na wa historia na serikali, na orodha rasmi ya msamiati wa kusoma ina majina ya George Washington na Abraham Lincoln pamoja na maneno kama bendera, raia na sikukuu za taifa. Miongoni mwa wanaoketi kwenye mtihani huo wamo Wakongo, Wakenya na Watanzania wasemao Kiswahili, ambao hulisoma Tamko la Uhuru la mwaka 1776 kwa lugha waliyoikuta huko. Mgeni yule anajua kwamba maandiko yale si yake. Anayakaribia ili awe wake, na Kiingereza ndicho kilichoyazaa. Hali ya kijana wa Busi ni tofauti kabisa. Maandiko ni yake, nchi ni yake, babu yake pengine aliisikia hotuba ile redioni, na bado anaingizwa katika historia ya kwao kwa mlango wa wageni.

Sera zimeliona tatizo mara kwa mara. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwezi Machi 1967, na Kiswahili kikashika shule za msingi. Sekondari ikabaki kwa Kiingereza. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Ni hatua njema, na wapenzi wa lugha wana haki ya kuifurahia. Ila furaha hiyo isizibe macho. Historia ikihamia yote Kiswahili na somo la Kiingereza likabaki na vifungu visivyo na mahali wala tarehe, daraja litakuwa limevunjwa kutoka upande wa pili. Kijana wa Busi atalijua Azimio kwa lugha yake na hataweza kulieleza kwa mgeni. Atakijua Kiingereza cha barua za kuomba kazi na hatakuwa na jambo la kukisemea. Kinachotakiwa ni kurasa mbili zinazotazamana, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na mwalimu mwenye ujasiri wa kuuliza ni upi umepoteza nini.

Na hapo msomaji wa visiwani ana dai lake mahsusi, maana Azimio ni nusu tu ya habari. Andiko jingine la kuasisi, Hati za Muungano, lina historia iliyo kinyume. Zilitiwa saini Unguja tarehe 22 Aprili 1964 na Abeid Amani Karume na Julius Nyerere, na ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa kalamu ya Roland Brown, Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika. Kwa Azimio, Kiingereza kilikuwa kivuli cha Kiswahili. Kwa Hati, Kiswahili ndicho kivuli, na mengi yaliyogombaniwa tangu hapo yamo katika pengo baina ya kivuli na mti. Chukua neno nchi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, iliyo ya Kiswahili, husema katika ibara ya kwanza kwamba Tanzania ni nchi moja. Tafsiri ya Kiingereza iliyozoeleka imeweka 'State' mahali pa nchi, tena ikaongeza neno la mamlaka kamili ambalo Kiswahili cha ibara hiyo hakikulitamka. Sasa nchi, kwa Mswahili, ni ardhi, ni watu, ni kwao. 'State' ni dola. Mwaka 2008 Bunge lilitikisika kwa swali la kama Zanzibar ni nchi au si nchi, na mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa kutamka kwamba ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Waliobishana hawakuwa wakisema uongo pande zote mbili. Walikuwa wakitumia neno moja kwa mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga kwa 'country' na 'State'. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefundishwa tofauti hiyo kwa ibara zenyewe angeufuata mjadala ule vizuri kuliko watu wazima wengi.

Ibara ya tatu ina mtego wa aina hiyo. Kiingereza kinasema 'secular', neno lenye asili ya Kilatini linalohusu mambo ya zama hizi na ya dunia, kinyume cha mambo ya kanisa. Kiswahili kimeandika isiyokuwa na dini. Kijana wa Busi atokaye chuoni na kijana wa Unguja atokaye chuoni watakisoma kifungu hicho kwa mshituko uleule, na wote wawili watahitaji mtu wa kuwaambia kwamba kinachokosa dini hapo ni dola, si watu wake. Hapa Kiingereza ndicho kinachoweza kukisaidia Kiswahili, na si aibu kukiri.

Bunge Maalumu la Katiba lilipokutana Dodoma mwaka 2014, maneno muungano na shirikisho yalipiganiwa kwa miezi katika mkoa huo huo wa kijana huyu. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaka serikali tatu. Katiba Inayopendekezwa ikabaki na mbili. Kwa Kiingereza, 'union' na 'federation' zimeandikiwa vitabu vingi. Kwa Kiswahili, ni wachache waliowahi kueleza darasani kwamba muungano ni jina la kitendo cha kuungana na haulisemi umbo litokanalo nacho.

Basi mwalimu wa Kiingereza anayetafuta kifungu kifupi na achukue ile orodha ya mambo kumi na moja ya Muungano iliyomo katika Hati za mwaka 1964. Haijai ukurasa. Ina uraia, ulinzi, polisi, uhamiaji, mikopo ya nje, kodi ya mapato, ushuru wa forodha na wa bidhaa: msamiati ambao mwanafunzi atauhitaji maisha yake yote, afanye kazi Kondoa au Muscat. Aisome pamoja na orodha ya leo iliyomo katika nyongeza ya Katiba, yenye mambo ishirini na mawili, kisha awaambie wanafunzi watafute kwa Kiingereza na kwa Kiswahili yale yaliyoongezeka. Wa Busi wataanza na kodi. Wa Unguja, bila shaka, wataanza na mafuta.